Birika la Kahawa la Bibi Keziah

Kila asubuhi, kabla jogoo wa Shemasi Thayer hajamaliza kelele zake, Hetty Fiske alikuwa ameshafukua makaa chini ya majivu, ameshapuliza moto ukawaka, na ameshachota maji kisimani huku vidole vikimuuma kwa baridi. Kisha alichemsha majani. Majani yenyewe yalikuwa ya mwituni, yamekaushwa darini tangu kiangazi na kuchanganywa na mnanaa kidogo ili mtu apate ujasiri wa kuyameza. Hapa kwetu Pennock, kijiji cha koloni la Uingereza ng'ambo ya bahari, tuliyaita chai ya uhuru, kwa kuwa tuliapa kutokunywa chai ya London mpaka kodi yake ifutwe. Nimeyanywa sana majani hayo, na nasema bila kuficha kwamba yalikuwa mabaya.

Hetty alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alimimina kikombe kimoja, akakipeleka chumba cha nyuma alikolala bibi yake, mama mzazi wa baba yake, akakiweka mezani.

"Chai yako hiyo, Bibi."

"Hiyo si chai," alisema Bibi Keziah bila hata kugeuka. "Hicho ni chakula cha mbuzi kilichotiwa maji."

"Lakini Baba kasema tunywe..."

"Baba yako nimemzaa mimi. Kiache hapo, uende zako."

Ndivyo ilivyokuwa kila siku, majira yote ya baridi. Kikombe kiliwekwa, kikapoa, kikamwagwa. Bibi alikuwa na jiko lake dogo chumbani, na baadaye alijipikia kahawa yake mwenyewe katika birika refu la bati lenye mdomo uliopinda. Kahawa haikukatazwa, kwa hiyo hakuna aliyemsemesha. Na nani angethubutu? Bibi Keziah alikuwa mwembamba kama fimbo, na ulimi wake ulichapa vilevile.

Sasa, Hetty alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Aliuliza maswali. Aliuliza kwa nini paka hanywi divai na kwa nini mchungaji hufumba macho anapoomba ilhali Mungu anamwona. Mama yake, Lydia, alizoea kusema, "Mtoto huyu akikutana na samaki, atamuuliza miguu kaiacha wapi." Na siku moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1769, ugonjwa huo ulimpeleka karakanani kwa baba yake.

Amos Fiske alikuwa fundi wa mapipa. Alikuwa amepiga goti akiibana pete ya chuma kwenye pipa jipya.

"Baba, hivi hiyo kodi ya chai ni kubwa sana?"

"Ndogo tu. Peni tatu kwa ratili."

"Sasa mbona mnagombana na Mfalme kwa ajili ya peni tatu?"

Amos aliweka nyundo chini, akajifuta jasho. Alimpenda binti yake hata alipomchelewesha kazi. "Haya, niambie. Jirani akiingia humu bila hodi, akachukua pete moja tu ya pipa, akaondoka nayo, utamwambia nini?"

"Nitamwambia amesahau kubisha hodi."

"Kesho akija akachukua mbili?"

"Nitamwambia ni mwizi."

"Basi. Bunge liko London. Hao wanaokaa ndani yake hatukumchagua hata mmoja. Pennock wakiulizwa iko wapi, watatafuta chini ya meza. Lakini wanakaa huko, wanapanga kwamba sisi wa huku tulipie karatasi, tulipie vioo, tulipie rangi, tulipie chai. Juzijuzi walitaka hata hati za ndoa na magazeti vipigwe stempu ya kulipia, mpaka tulipokataa nchi nzima ndipo wakafuta. Nani katuuliza, Hetty? Hilo ndilo linalouma. Peni tatu ningempa mtu yeyote anayebisha hodi."

Hetty alikaa juu ya gogo. "Na baba mdogo Ezra je? Naye wamemfanyia nini? Kila akija hapa analalamika."

"Ezra anatengeneza kofia. Manyoya yanapatikana hapahapa, mikono ni yake, na kichwa cha mnunuzi kiko Rhode Island, mwendo wa siku moja. Sheria inasema kofia isivuke mpaka wa jimbo kwenda kuuzwa. Mtu wa Rhode Island akitaka kofia, aagize London."

"Kofia ya London ina nini ambacho ya baba mdogo haina?"

"Bei," alisema Amos, na wote wawili wakacheka.

Hetty hakuwa amemaliza. "Na mtu aliyenunua chai yake zamani, kabla ninyi wanaume hamjaweka sahihi kwamba tusinywe? Yeye hampi Mfalme kitu. Kwa nini asinywe?"

"Kwa sababu chai ya zamani na chai mpya zinanukia sawasawa. Tukimruhusu mmoja, kesho Pennock nzima itakuwa na chai ya zamani. Tulikubaliana hakuna kunywa mpaka kodi ifutwe. Anayeumwa tu ndiye aje kuomba ruhusa kwa kamati inayosimamia kiapo." Amos alikuwa mmoja wa wanakamati, na hapo alikuna kichwa. "Ingawa sijapata kuona kijiji chenye wagonjwa wengi kama hiki. Mke wa shemasi anakohoa kila Ijumaa."

Adhabu ya kukiuka Hetty aliijua, maana kila mtoto wa Pennock aliijua. Aliyekamatwa na chai angesimamishwa Jumapili katikati ya jumba la mkutano, hapohapo tunaposali, na jina lake lingesomwa mbele ya watu. Baada ya hapo hakuna ambaye angenunua kwake wala kumuuzia, hata chumvi.

Jumatano ya wiki hiyo jua lilitoka kwelikweli, na theluji ikaanza kuyeyuka. Wanaoishi na theluji wanajua kwamba ni mtunza siri mzuri, ila mwezi wa Machi husema yote. Viatu vilivyopotea huonekana. Paka aliyedhaniwa ametoroka huonekana pia, maskini. Hetty alikuwa anarudi kutoka kwa mchungaji, ambako wanawake na wasichana walikutana kusokota uzi wa kitani ili tusinunue nguo za Uingereza, alipomsikia Jabez, mtoto wa Shemasi Thayer, akipiga kelele barabarani.

"Njooni muone! Njooni! Mjane Crane kakamatwa na chai!"

Watu walikuwa wamejaa mbele ya duka dogo la Tamsin Crane, jirani wa akina Hetty upande wa chini wa mteremko. Mume wake alikufa baharini miaka mitatu nyuma, naye akaishi kwa kuuza sindano, vifungo na utepe. Zamani aliuza na chai. Kwenye matope, mbele kabisa ya kizingiti chake, palikuwa na majani meusi yaliyolowa, mengi, yamelala kama takataka zilizofagiliwa.

Shemasi Thayer aliinama, akaokota machache, akayanusa, akayaweka ulimini.

"Chai," alisema. "Tena ile yenyewe ya London."

"Si yangu, Shemasi," alisema Mama Tamsin.

"Iko mlangoni kwako."

"Naona iko mlangoni kwangu. Nami nakwambia si yangu."

"Kama si yako, ni ya nani?"

Mama Tamsin aliinua macho, akatazama juu ya mteremko kwa muda mfupi, kisha akatazama mikono yake. "Nimeshasema lililo langu," alijibu. "Sina la zaidi."

Watu waliguna. Mtu asiyekuwa na la zaidi, mbele ya Shemasi Thayer, alikuwa amejihukumu. Shemasi alitangaza kwamba Jumapili, baada ya mahubiri, Tamsin Crane atasimama. Msichana mmoja aliyekuwa ameshika pakiti ya sindano aliirudisha dirishani taratibu, akaenda zake. Jabez na wenzake wakaanza kuimba, "Mjane chai! Mjane chai!"

"Jabez," alisema Hetty, "hivi mtu anayeficha kitu atakitupa mlangoni kwake, anapokanyaga kila siku?"

"Atakitupa, kwa sababu ni mwongo."

"Mwongo gani anajitangaza?"

"Aa, wewe na maswali yako! Ungekuwa Mfalme, usingetutoza kodi, ungetuua kwa kutuuliza tu!" Wenzake wakacheka, naye akaondoka akiwa amevimba kichwa.

Hetty alibaki peke yake. Swali lilikuwa limeshaingia, na likiingia halitoki. Alichuchumaa akatazama vizuri. Majani hayakuwa mlangoni tu. Ulikuwepo mstari mwembamba wa kahawia uliopita chini ya uzio, mahali maji ya theluji yalipojichimbia njia. Akaufuata kuelekea juu, ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Mstari ulipita ua wa kwao. Ulipita banda la kuku wa kwao. Ukaishia kwenye rundo la mwisho la theluji, chafu na gumu, chini ya dirisha la nyuma.

Dirisha la Bibi Keziah.

Alilipiga rundo kwa kisigino, likapasuka. Ndani yake palikuwa na tabaka la theluji, tabaka la majani, theluji tena, majani tena, toka chini hadi juu. Kila Bibi alipomwaga, theluji mpya ilifunika, na kila asubuhi kulikuwa kweupe kama hakujatokea kitu. Majira yote ya baridi! Hetty alitazama huku na huku kama kuna anayemwona. Akafanya jambo ambalo hakulipanga. Alilikanyaga rundo lile, akalisaga kwa miguu yote miwili, akalifunika kwa matope, akakimbilia ndani.

Jioni ile walikula supu ya maharage na mkate wa mahindi, na hakuna aliyekuwa na hamu.

"Ataishije sasa?" aliuliza Mama. "Bila duka ana nini yule?"

"Imenibidi nikubali asimamishwe," alisema Amos, akiusukuma mkate wake. "Tukimwonea huruma mmoja, kiapo chote kimekwisha. Angesema walau chai ilitoka wapi! Lakini kanyamaza."

Bibi Keziah alikula polepole, macho kwenye bakuli. Hetty alimtazama mpaka akaambiwa aache kukodoa macho.

Kesho yake asubuhi Hetty aliweka kikombe mezani kama kawaida, lakini hakuondoka. Alifunga mlango. Birika refu la bati lilikuwa juu ya jiko dogo likitoa mvuke.

"Bibi, kahawa ina mashapo, si ndiyo? Unga mweusi chini ya kikombe?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Mbona yako ina majani?"

Bibi Keziah aligeuka. Kwa muda alionekana kama atamchapa, kisha akakaa kitandani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu. Maji ya theluji yameyapeleka mpaka kwa Mama Tamsin."

"Najua yalikoenda. Nina macho." Bibi alivuta shali yake. "Sikiliza, mjukuu wangu. Chai hii nilinunua kabla ya kiapo chao, kwa fedha ya kufuma soksi. Nimekunywa chai kila asubuhi tangu nilipoolewa. Babu yako alikaa pale, mimi nikakaa hapa, tukanywa. Amekufa, kiti kimebaki, chai imebaki. Halafu baba yako anarudi kutoka mkutanoni ananiambia, 'Mama, nimeweka sahihi kwa niaba ya nyumba nzima.' Nyumba nzima! Mimi si mtu wa nyumba hii? Aliniuliza? Wanaume wanapiga meza wakipayuka kwamba London inawaamulia bila kuwauliza, kisha wanakuja nyumbani kutuamulia sisi bila kutuuliza. Eti niende nikaombe ruhusa nikijifanya naumwa. Siumwi! Sitakohoa mbele ya Thayer kama mke wake."

Hetty aliona kwamba Bibi ana haki. Alifikiri sana, akakunja na kukunjua pindo la aproni yake. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo:

"Na Mama Tamsin, Bibi? Nani kamuuliza kama anataka kubeba aibu yako?"

Birika likaendelea kuchemka.

"Nikisema," alisema Bibi, "nani atanunua mapipa ya baba yako? Umefikiria hilo? Ni mwanakamati. Watasema mbwa mwitu alikuwa zizini muda wote."

"Sijui, Bibi."

"Hujui. Basi niache nifikiri."

Hetty alimwacha. Alingoja Ijumaa, alingoja Jumamosi. Mara mbili alisimama mlangoni mwa karakana amwambie baba yake, na mara mbili ulimi ukagoma, kwa maana Bibi alisema anafikiri, na mtu mzima anayefikiri haharakishwi. Dirishani kwa Mama Tamsin sindano zilikuwa zilezile, hazijaguswa. Mtu alikuwa ameupaka uzio wake matope.

Jumapili tulijaa jumbani. Baridi ilikuwa kali, maana hatukuwasha moto mle. Kila mtu alikuja na kasha lake la makaa la kupashia miguu joto. Wazee chini, watoto juu kwenye roshani, wakilindwa na mzee wa fimbo, ambaye kazi yake ilikuwa kumgonga kichwani mtoto anayecheka na mtu mzima anayesinzia. Mchungaji alihubiri kwa muda mrefu. Alipomaliza, Shemasi Thayer alisimama, akamwita Tamsin Crane.

Akaja. Alivaa gauni lake jeusi, akasimama katikati ya jumba peke yake, ameshika mikono yake mwenyewe.

"Una neno la kusema kabla jina lako halijasomwa?"

"Sina," alisema Mama Tamsin.

Hetty alitazama chini. Aliona kofia nyeupe ya Bibi Keziah, imetulia, haitikisiki. Alingoja. Kofia haikutikisika. Shemasi alikohoa kusafisha koo. Hapo Hetty akasimama. Ubao ukalia chini yake.

"Samahani. Naomba kuuliza swali."

Vichwa vyote viligeuka juu. Mzee wa fimbo alichanganyikiwa, kwa sababu fimbo yake ilizoea wanaolala, si wanaouliza.

"Mtoto, kaa chini!" alisema Shemasi Thayer.

"Nitakaa, Shemasi. Nauliza tu, maji huwa yanapanda mlima?"

Watoto wakaangua kicheko. Jabez akajiziba mdomo. Lakini chini watu wazima hawakucheka. Pennock ni ndogo, na kila mtu alijua nani anakaa juu ya nani. Amos Fiske alikuwa wa kwanza kuelewa, na Hetty aliona uso wa baba yake ukibadilika.

"Una maana gani..." alianza Shemasi.

"Hayapandi," ilisema sauti kavu. Bibi Keziah alikuwa amesimama. "Maji hayapandi mlima, Shemasi, hata wewe unajua. Kaa chini, Hetty. Hilo si lako, ni langu."

Alitoka kwenye benchi. Kutoka chini ya joho lake alitoa birika refu la bati. Kumbe alikuwa amekuja nalo! Alikuwa amelibeba toka nyumbani, akakaa nalo mapajani mahubiri yote akiutafuta moyo wa kusimama. Alilipeleka mbele, akaliweka sakafuni kando ya Mama Tamsin, na likatoa mlio ulioenea jumba zima.

"Hili mnalijua. Mnadhani ni la kahawa. Nimepika chai humu tangu vuli, na makapi nimemwaga dirishani. Aliyepaswa kusimama hapa ni mimi. Tamsin, nimekukosea. Nilikuona unatukanwa siku nne nami nikala supu yangu. Nisamehe."

Mama Tamsin alimtazama, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Nimekusamehe, Bibi. Lakini mimi niliuza chai, na hiyo kahawa yako, harufu yake naisikia tangu Novemba."

Jumba likavuma.

"Ulijua?" alisema Bibi Keziah. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Mume wangu alipopotea baharini, nani alilala sakafuni kwangu siku zote zile? Ningesemaje?"

Bibi Keziah alikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia. Siku ile tulimwona, na mzee wa fimbo akageukia ukutani kwa heshima.

Alipojifuta, aligeukia viti vya wanaume. "Someni jina langu, nimekosa. Lakini nami niulize, maana mjukuu wangu ameniambukiza. Mnasema London haina haki ya kuwawekea kodi bila kuwauliza. Ni kweli, nami nakubali. Je, ni nani kati yenu alimuuliza mke wake, au mama yake, kabla ya kuapa kwa niaba yake? Chai inapikwa na nani? Nguo za kitani zinasokotwa na nani, mpaka vidole vinapasuka?"

Mke wa shemasi, ambaye siku ile hakukohoa hata kidogo, alisema kwa sauti, "Sema, mama!"

Shemasi Thayer alikuwa mkali, ila hakuwa mjinga. Alitazama birika, akatazama wanawake, akatazama miguu yake. Jina lilisomwa, kwa sababu kiapo ni kiapo: Keziah Fiske, kwa chai. Amos alisimama kando ya mama yake wakati linasomwa, ingawa hakuna aliyemtaka asimame. Kisha Shemasi mwenyewe alikwenda mbele ya Mama Tamsin, akavua kofia, akamwomba radhi mbele ya wote. Jumatatu asubuhi alikuwa dukani kwake ananunua vifungo ambavyo hakuvihitaji.

Kwa wiki tatu hakuna aliyeagiza pipa kwa Amos. Ilikuwa ngumu, sitasema uongo. Walikula maharage mpaka wakayachukia. Wa kwanza kuagiza alikuwa Mama Tamsin, pipa dogo la unga, na baada yake wengine wakaanza kurudi.

Na mwezi wa Aprili lilitokea jambo ambalo Pennock haikuwahi kuliona. Wanawake walikutana kwa mchungaji, safari hii magurudumu ya kusokotea yakiwa yamesukumwa ukutani. Mke wa mchungaji aliwauliza mmoja mmoja, kwa jina: uko tayari kuacha chai mpaka kodi ifutwe? Aliyetaka kukataa alikuwa huru kukataa, na wawili walikataa, nasi hatukuwafanya kitu. Alianza na mkubwa kwa umri.

"Keziah Fiske, uko tayari?"

Bibi alifungua kibati chake cha chai. Kilikuwa kimebaki nusu. Alikinusa mara moja, akafunga, akampa tabibu wa kijiji kwa ajili ya wagonjwa. "Wagonjwa wa kweli," aliongeza, akimtazama mke wa shemasi, na chumba kizima kikacheka. "Nimeulizwa, najibu. Niko tayari."

Walipokuwa wanarudi nyumbani, Hetty alinyamaza njia nzima, jambo ambalo lilimtia Bibi wasiwasi.

"Haya, uliza. Usije ukapasuka."

"Bibi, nilikuaibisha mbele ya watu. Nilifanya vibaya?"

Bibi Keziah alisimama, akamshika bega. "Uliniaibisha, ndiyo. Lakini aibu ilikuwa yangu tangu mwanzo, wewe ulimvua Tamsin ukanirudishia mwenyewe. Sikiliza nikwambie, na ulikumbuke nikiwa sipo. Nilikuwa na haki ya kukasirika, maana sikuulizwa. Ila nilichukua haki yangu nikaificha ndani ya birika, na ikaoza humo, ikamnukia jirani. Ukiona jambo si la haki, simama useme, watu wakuone uso. Ukipinga kwa kujificha, kuna siku atapigwa mtu mwingine kwa kosa lako. Na ukiujua ukweli unaomwokoa mtu, usikae nao kimya, hata kama unamuuma unayempenda."

"Hata kama ni Bibi?"

"Hasa kama ni Bibi. Na ile theluji uliyoisaga kwa miguu, usidhani sikukuona dirishani."

Hetty alitazama viatu vyake, masikio yakiwaka moto. Hakuwa na swali lolote.

Kesho yake alfajiri alifukua makaa, akapuliza moto, akachota maji, akachemsha majani. Alimimina kikombe, akakipeleka chumba cha nyuma. Alikuwa ameshanyoosha mkono akiweke mezani, akausimamisha.

"Bibi," alisema, "utakunywa chai ya uhuru?"

Uso mkavu wa Bibi Keziah ukalegea.

"Leo umeniuliza," alisema. "Lete."

Akanywa. Akakunja uso mpaka macho yakapotea, akakohoa, akapiga kifua kwa ngumi.

"Mbaya mno," alisema, akanyoosha kikombe. "Niongeze."